Nesi wa usingizi aliyepandiwa mhogo asihame

Saa mbili asubuhi, Mektilda amesimama kichwani mwa meza ya upasuaji, vidole kwenye mshipa wa shingo ya mgonjwa. Sindano ya usingizi ameshachoma. Mgonjwa, Mageni, ambaye mtoto wake amekaa vibaya tumboni, bado ana swali.

"Mama Thobias, nikilala nitasema ovyo?" anamuuliza Mektilda.

"Utasema. Wa juzi alimtukana mumewe tangu kisu cha kwanza mpaka mtoto analia."

"Ukamwambia mumewe?"

"Mimi humu sina masikio, nina vidole. Hebu hesabu ng'ombe wa baba yako."

Mageni anafika ng'ombe wa saba, ananyamaza. "Kata," Mektilda anamwambia Daktari Leodgar, naye anakata. Hapa daktari hagusi kisu mpaka aruhusiwe na nesi. "Tumbo ni lake, pumzi ni zangu," anasema Mektilda. Dakika kumi na mbili baadaye mtoto wa kike anapiga kelele.

Hospitali hii ya misheni, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Ushirombo, ina meza moja ya upasuaji na mtu mmoja tu wa kuwalaza wagonjwa usingizi. Mwaka jana, 1996, wajawazito 212 walipasuliwa hapa. Wote walipita mikononi mwake.

Mumewe, Ignas, anashona suti Nyasubi, mjini Kahama. Kuhamia kijijini alikataa mapema. "Alisema huku suti atamshonea marehemu tu," Mektilda anaeleza. Wanaonana mara moja kwa mwezi, barabara ikipitika.

Oktoba mwaka huu, kampuni moja inayotafuta dhahabu upande wa Bulyanhulu ilimtaka kwa zahanati ya kambi yake. Mshahara shilingi 180,000. Hapa anapata 58,000. Kila Ijumaa kuna gari la kwenda Kahama. Kazi yenyewe ni vichwa vinavyouma na vidole vilivyobanwa na milango. Akaandika barua ya kuacha kazi.

Daktari alipofungua bahasha, kijiji kilikuwa kimeshamaliza kuijadili.

Huku, mwenye mazao shambani hahami kabla ya kuvuna. Akiondoka, watu husema ameondoka kwa ugomvi. Mwaka 1994 Mektilda alipopata uhamisho, wanawake aliowahi kuwalaza walimlimia na kumpandia mahindi. Akasubiri avune, uhamisho ukafia kwenye faili. Safari hii walikuja sitini na majembe, wakapanda mhogo.

"Mahindi ni miezi minne," anasema kiongozi wao, Mama Jilala, aliyepasuliwa mara tatu. Haonyeshi kujutia lolote. "Wakati ule tulimhurumia. Mhogo ni mwaka na nusu."

Mektilda aliwatazama dirishani, akacheka, kisha akakasirika. Akatoka nje.

"Na mume wangu mtampandia nini?"

"Mlete," Mama Jilala akamjibu. "Tutampandia viazi."

Wakaangua kicheko. Yeye hakucheka tena. Aliwakumbusha Machi, alipokuwa na malaria na mzazi akaletwa anavuja damu. Alimlaza huku yeye mwenyewe ana dripu mkononi. Chupa mbili za dripu, yake na ya mgonjwa, zilining'inia kwenye msumari mmoja.

"Mama yule alipona," aliwaambia. "Lakini mimi ningeanguka, angekufa. Mnanifunga mguu mimi mmoja. Kwa nini hamuombi tuwe wawili?"

Wanawake wakaondoka na majembe yao, moja kwa moja hadi ofisini kwa daktari. Kwa miaka miwili daktari alikuwa akimnyima Elieth, nesi wa wodi, ruhusa ya kwenda Moshi kusomea usingizi kwa mwaka mmoja, kwa kuwa wodi ingepungukiwa.

"Walijaa barazani," anasema Daktari Leodgar. "Nilitazama yale majembe, nikaona si siku ya kueleza upungufu wa watumishi."

Alisaini kabla ya chakula cha mchana. Elieth anaondoka Januari.

Mektilda amefuta barua yake, na kampuni imeshaajiri mwingine. Ignas ameandika karatasi nzima. Aya ya kwanza, mkewe anasema, haifai gazetini. Aya ya mwisho inauliza kama shule ya jirani ina mshonaji wa sare.

Elieth akirudi, Mektilda atamshinikiza daktari ampeleke nesi wa tatu. Anaulizwa wa tatu wa nini.

"Nataka siku moja niitwe, niseme siji," anajibu, akimfunika Mageni shuka, "na mgonjwa apone vilevile."