Upindo wa Gauni la Mama

Mhariri, jina langu lifiche kabisa, maana mama husomewa ukurasa huu na jirani kila wiki. Nina miaka ishirini na saba, ni mpiga chapa katika duka moja River Road, na naishi na mama mtaani Waithaka. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mwisho wa mwezi huu watu wa mchumba wangu wanaleta mahari, na hapo ndipo shida yangu ilipo.

Mama aliwekewa goti la chuma miaka miwili iliyopita. Alipona, akarudi shambani, hata akawa anatucheka sisi vijana kwa uvivu. Kisha, wiki tisa zilizopita, aliteleza kwenye mfereji nyuma ya nyumba akiosha mboga za sukuma, na mfupa wa paja ukavunjika juu kidogo tu ya lile goti. Alipasuliwa, akafungwa bamba la chuma na skrubu. Daktari, Mhindi mmoja mpole, alinionyesha picha ya mfupa mimi, si mama. "Chini ni chuma ya goti, juu ni hii mpya. Mfupa imebaki kidogo sana. Asikanyage mpaka mimi niseme. Hii ikiachilia, sina tena mahali ya kushika skrubu."

Nilimwelewa vizuri, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Shangazi ya mchumba wangu alipomwona mama na magongo, aliuliza kama ukoo wetu una ugonjwa wa mifupa. Alicheka peke yake. Nililia siku hiyo. Na mila yetu mnaijua: wageni husimama nje ya lango wakiimba, wanawake wa nyumbani huwajibu kutoka ndani, na mama ndiye anayeongoza. Mama akasema hawezi kuwaimbia akiwa kitini. Basi mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nikaficha magongo chini ya kitanda. Kila jioni nikitoka kazini namshika kwapani tunatembea kutoka jikoni hadi kabatini, kwanza hatua kumi, siku hizi ishirini. Nilijivunia, Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita akaanza kusema paja linawaka moto. Nilipotaja daktari alinikazia macho.

"Wewe msichana, ukinipeleka huko watanilaza. Hao watu wataimbia nani? Wacha nikuoze kwanza. Mguu tutaangalia baadaye."

Jana nilimpimisha gauni la siku ya mahari. Wiki mbili zilizopita lilimfika vifundoni pande zote mbili sawasawa. Jana, upande wa mguu mbovu, liligusa sakafu. Mama akamlaumu fundi. Alipolivua nililitandaza mezani nikalipima mara tatu. Gauni liko sawa. Mguu wake ndio umefupika; lile bamba limeanza kuachilia.

Na mnajua nilichofanya? Nilichukua sindano nikakunja upindo wa upande ule, shangazi yule asione. Mama alilivaa tena, akajiangalia kwa kioo akatabasamu, akaniambia mkono wangu ni mzuri kuliko wa fundi.

Leo amenituma nipigie daktari simu niahirishe miadi hadi baada ya sherehe. Sijapiga. Nikisema ukweli, mahari itaahirishwa na hatanisamehe kwa urahisi. Lakini ninapoandika namsikia jikoni akijaribu wimbo wa langoni, anatembea peke yake, na kila akikanyaga ule mguu wimbo unakatika. Nishaurini, wasomaji wenzangu, nifanye nini?