Sinema Tatu za Genkuru na Posa ya Ghati

Aliyenitoa nyumbani ni mama. Miaka ile ya dhahabu, Ghati, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa akiwapikia wachimbaji kule Genkuru. Habari zikatufikia Kenyamonta kwamba kijana wa Shinyanga, jina lake Masanja, anataka kumwoa. Ugeni wake haukumsumbua mama. Kilichomsumbua ni kazi yake: kutafsiri sinema kwenye banda la video.

"Anakula kwa kusema maneno ambayo wenyewe hawajasema," mama alisema. "Wewe umesoma, na hizo sinema unazijua. Nenda kamwangalie. Akiwa muongo, Ghati arudi nyumbani."

Sikuhitaji kusukumwa. Nikikaa sana mahali pamoja, miguu huniwasha.

Asubuhi nilipanda lori la mahindi. Tulipovuka Mto Mara nilikumbuka gari la sinema lililokuwa likija kijijini nikiwa mdogo. Walitundika shuka kati ya miti miwili, na sisi watoto tukasukumwa upande wa nyuma, tukaona ulimwengu mzima unatumia mkono wa kushoto. Mpaka leo naamini sinema zilikuwa tamu zaidi upande ule.

Mchana nilifika Genkuru, kwenye vumbi, maturubai na mlio wa mashine za kusaga mawe. Ghati alinipakulia wali na maharage.

"Shikamoo, baba mdogo. Bibi amekutuma?"

"Marahaba. Nimekuja kuangalia sinema tu."

"Kwa hiyo amekutuma," alisema, akaniongezea maharage.

Bandani nilikaa nyuma kabisa. Masanja alisimama kando ya televisheni, mwembamba, kipaza sauti mkononi. Sinema ya kwanza ilikuwa ya vita. Bunduki ya shujaa haikuishiwa risasi, ila yeye mwenyewe aliishiwa shati mapema sana. Masanja alimfanya awatukane maadui kwa Kikurya kibovu, na wachimbaji wakapiga mabenchi kwa kicheko. Ya pili ilikuwa ya Kihindi: ndugu wawili waliopotezana utotoni wanatambuana kwa wimbo. Mimi ningewashauri waulizane tu majina, wangetupunguzia nusu ya mkanda. Hata hivyo ilipoisha, kofia yangu ilikuwa imelowa kwa kufutia macho, na ninalilaumu lile vumbi.

Ya tatu ikanikuta pabaya. Ilitokana na kitabu tulichokisoma kidato cha tatu: binti wa msagaji unga anapendwa na fundi saa maskini, baba anamfukuza fundi. Nilikaa vizuri, kisha nikaanza kuumia. Msagaji wa kitabuni ni mnene, anajaza mlango; huyu wa sinema alikuwa amekonda kama aliyetoka kuugua. Bibi wa yule binti, niliyempenda kuliko wote, hawakumleta kabisa. Kuna watu wanasoma kitabu kama panya anavyokisoma, huku na huku, kisha wanatengeneza sinema.

Ikafika siku ya posa. Msagaji akanyoosha kidole mlangoni, akifoka. Kila aliyesoma kitabu anajua alichosema.

"Baba mkwe anasema," Masanja alitangaza, "kijana, mlango ni ule pale! Ng'ombe wapitie hapo!"

"Wangapi?" wachimbaji walipiga kelele.

"Anasema tusigombane, leta ulio nao!"

Nilijikuta nimesimama. "Muongo! Anamfukuza! Mimi nimesoma kitabu!"

Banda zima likageuka. Masanja alinitazama, akaangalia televisheni, akashusha kipaza sauti.

"Jamani, mzee anasema kweli. Kiingereza cha huyu mtu sikijui. Nimesema nilivyotaka iwe."

Sauti ikatoka mbele: "Basi endelea hivyo hivyo! Na wewe mzee, kaa chini, tumeona mgongo wako wa kutosha!"

Nikakaa. Fundi saa akaoa, banda likashangilia. Jinsi alivyooa, hata waliotengeneza sinema hawakujua.

Jioni Masanja alinikuta kwa Ghati. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kwa nini hukunibishia?"

"Ghati aliniambia baba yake mdogo yumo bandani. Uliposimama nikajua ni wewe. Nikaona nikibisha, nimekosa mke."

"Kumbe ulisema kweli kwa ajili ya mke!"

"Ndiyo, baba."

Ghati akageukia sufuria asionekane akicheka.

Kesho yake nilirudi Kenyamonta. Mama hakunipa hata maji kwanza. "Ni muongo?"

"Ni muongo. Ila ukimshika, anakubali," nikasema, nikamweleza yaliyotokea bandani.

"Wengine ukiwashika wanakupiga," alisema mama. Kisha akataka hadithi ya msagaji. Nikamsimulia ya kitabuni: binti alipanda treni usiku, na baba yake hakumwona tena mpaka akafa. Mama akachambua tena mtama uliokwisha kuchambuliwa.

"Na ya huyo kijana inaishaje?"

"Ng'ombe wanaletwa, binti anaolewa, anakuja kumsalimia baba yake."

"Mwambie aje na wazee wake," mama alisema. "Huyo muongo wa Kisukuma."

Nikavuka tena Mto Mara, nikiwa mjumbe wa posa. Ghati alinipokea njiani, mikono ina unga, akauliza bibi amesema nini. Nilimfikishia kila neno kama lilivyotamkwa. Ni lile la mwisho tu nililotafsiri mwenyewe: nilisema, "Amemwita mkwe."