Kibao cha Kituo cha Tatu

Binamu yangu ana gari la kukodisha. Kila Ijumaa baada ya swala huwapeleka watu matembezini nje ya Kismayo, kwenye njia inayopanda matuta ya mchanga na kushukia upande wa pili. Milima hatuna. Matuta hayo ndiyo milima yetu, na gari likifika juu watoto hupiga makelele kama wamefika mbinguni.

Aliniomba nimwandikie vibao vya vituo. Cha kwanza ni cha kisimani, wanakokunywa maji ngamia na wageni hutaka kuwapiga picha. Cha pili ni cha juu ya tuta refu kuliko yote, pa kutazamia bahari. Cha tatu nilikiongeza mimi. Pale pana mwamba tu, wenye kivuli kidogo. Bibi yangu, mzaliwa wa kisiwa cha Ngumi, alikuwa akipumzika hapo kila alipobeba ng'onda, samaki wakavu, kwenda kubadilishana na wafugaji kwa samli. Hakuwa peke yake. Wanawake wengi wa visiwani walipita njia ile na mizigo kichwani.

Nikiri: kuandika kunanitia hofu. Sikupelekwa shule. Kiswahili sanifu nilijifundisha kwa kamusi iliyokatika kurasa za mwanzo, inayoanzia herufi D, kwa hiyo mpaka leo neno la A, B au Ch huliandika moyo ukinidunda. Vibao viwili vya kwanza nilivifuta mara nne. Herufi nilizipima kwa rula.

Cha tatu nilikiandika mara moja: WACHU WA VISIWANI WALIPUMZIKA HAPA.

Ijumaa ya kwanza tulimpakia mwalimu mstaafu kutoka Mombasa pamoja na jamaa zake. Kisimani aliusifu mwandiko wangu. Kwenye mwamba akavaa miwani.

“Wachu ndio nini, binti? Ulikusudia wachuuzi, rangi ikaisha?”

Gari zima likacheka.

“Ni watu, mwalimu. Kwetu ni wachu.”

“Basi andika watu. Kosa likiandikwa kwa herufi kubwa, nalo huwa kubwa.”

Binamu akanivuta kando. “Dada, futa. Utaniharibia biashara.”

“Mama yako ni mtu au mchu?”

“Usinianze.”

“Nijibu.”

“Mchu. Lakini hajatundikwa barabarani!”

Akatoa kopo la rangi garini, akanishikisha brashi. Wote wakawa wananitazama.

Nakiri kwamba nilitaka kufuta. Mkono wangu umezoea kufuta kuliko kuandika. Tangu utotoni nilikuwa nikiyasahihisha maneno ya bibi, moja moja, mpaka nikawa naongea nyumbani kama redio, naye akawa ananijibu polepole, akichagua maneno, akiogopa kukosea mbele yangu. Mbele yangu mimi, mjukuu wake.

Nikachovya brashi. Nikaanza na W, nikapitisha rangi ya pili juu ya herufi zilezile. C ikapinda. Nikaiacha.

“Binti, hukunielewa,” mwalimu akasema.

“Nimekuelewa, mwalimu. Sogea kidogo, unanizibia mwanga.”

Binamu akaingia garini, akapiga honi. Akapiga tena, ndefu. Mimi nilikuwa bado kwenye H.