Bastola ya Baba Yake Wendell

"Verlin, kidole gumba cha baba yangu kimekwenda wapi?"

Wendell Aasen aliuliza hivyo miaka sita iliyopita, amesimama kwenye mlango wa karakana ya jirani yake, bastola mkononi. Hakupaza sauti. Verlin Stroud, fundi wa bastola, anasema mpaka leo analisikia swali lile.

Saa moja asubuhi, Jumanne. Theluji ya Mei bado imeganda upande wa kaskazini wa ghala hapa Bascom Creek, Wyoming. Verlin, mwenye miaka sabini na mmoja, ameisogeza bastola karibu na sikio na anavuta kinyundo chake polepole. Inalia tik, tena tik, tena tik. Anangoja. Anairudisha mezani na kuchukua bisibisi.

"Ikilia mara nne ni nzima," anasema. "Ikilia mara tatu, kuna kitu ndani kimelika. Mengine ni maneno ya watu."

Bastola anazotengeneza ni za mtindo wa wachunga ng'ombe wa zamani, ambazo kinyundo lazima kivutwe kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Nyingine ni za zamani zaidi, hujazwa baruti nyeusi kwa kipimo na risasi ya mviringo mbele yake. Wenyewe huzikusanya kama wengine wanavyokusanya saa. Jumamosi huzivaa viunoni, wakatia vizibao na kofia pana, wakaenda kushindana kupiga sahani za chuma nyuma ya uwanja wa maonyesho.

Hurudi na moshi hadi kwenye nyusi. Baruti hiyo hula chuma, hivyo bastola huoshwa siku ileile kwa maji ya moto na sabuni. Wake zao wamelalamika mpaka wamechoka kukuta mitutu kwenye sinki pamoja na vikombe.

Kulainisha mashine ya ndani ya bastola moja, Verlin hutoza dola mia mbili na arobaini. Hupata bastola kama hamsini kwa mwaka, na kinachopungua hukijaza kwa pensheni yake ya reli. Tangu Bwana alipomchukua mkewe, Nadine, anapika mwenyewe, na maharage yake yanajulikana kwa ubaya.

Macho yanamwishia. Oktoba, Mungu akimpa uzima, atafunga karakana.

"Kabla sijafunga nataka Wendell aniletee kazi moja," anasema. "Hata kama ni skrubu."

Kilichotokea kati yao kinajulikana mji mzima. Mwaka ule Wendell alileta bastola ya marehemu baba yake ibadilishwe springi tu. Majira yale yale alikuwa amemsaidia Verlin kuezeka nyumba upya baada ya mvua ya mawe, akakataa kulipwa. Verlin akaona atamshukuru kwa njia yake. Alikaa na ile bastola wiki tatu. Alisugua chuma mpaka mikwaruzo yote ikaisha, akaipaka upya rangi yake ya bluu iliyokoza, akakichonga upya kinyundo kilichokuwa kimelainika kwa kuvutwa, akaweka mpini mpya wa mbao ya mjozi.

Ule mpini wa zamani ulikuwa na shimo dogo upande wa kushoto. Miaka arobaini ya kidole gumba cha mzee ndiyo iliyolichimba. Verlin aliutia kwenye moto wa jiko pamoja na vipande vingine vya kuni.

Tangu siku hiyo Wendell hupeleka bastola zake kwa fundi wa Sheridan, mwendo wa maili tisini. Kahawa, hata hivyo, huja kunywa kwa Verlin kila asubuhi. Hukaa kwenye kiti cha karibu na jiko, husema bei za ndama, huinuka. Kuhusu jambo lile hajasema tena.

"Kahawa hii, Verlin," anasema leo, akichungulia kikombe, "ungeoshea mitutu ingetakata."

"Na bado unaomba ya pili."

Saa mbili na nusu linaingia gari dogo la mizigo. Anashuka Curtis Rademacher, mtu wa miaka hamsini, muuza matrekta mjini Casper. Baba yake, Otto, alizikwa Aprili. Wiki ile ile ya mazishi Curtis alileta bastola ya mzee na kutaka ifanywe mpya, kuanzia mpini hadi mtutu.

Siku hizi Verlin ana utaratibu. Bastola ya urithi haiguswi siku inayoletwa. Hukaa rafuni, mwenyewe arudi baada ya siku saba aishike na aseme tena anachotaka. Wengi wakirudi huomba isafishwe kutu tu. Curtis amerudi mara mbili akaambiwa angoje tena, na hii ni ya tatu, na kila mara amesema neno lile lile.

Verlin anaishusha na kumpa. Anamwonyesha mbao ilivyoliwa, pale kiganja cha Otto kilipokaa, na anamweleza kwamba akishaiondoa alama ile hakuna fundi duniani atakayeirudisha.

"Ndiyo ninachotaka," anasema Curtis.

Verlin anamwambia watu hujuta.

"Bwana Stroud, huo mkono nilikuwa naujua." Curtis anaiweka bastola mezani taratibu, kama kitu cha moto. "Ukimaliza kupiga ng'ombe, mkono huo ulikuja kwangu. Mama alikuwa anafunga dirisha majirani wasisikie. Sasa naambiwa niutunze."

Ndani ya jiko kuni zinaanguka. Wendell anatazama sakafu.

Verlin anachukua bisibisi. Anaufungua mpini kwenye chuma, anazitoa mbao mbili, anakunjua kipande cha msasa na kukiweka mbele ya mgeni wake. Anavuta kiti.

"Mimi sikumjua," anasema. "Hii si kazi ya mkono wangu. Fuata uzi wa mbao, usiende kinyume. Nitakaa hapa."

Curtis anavua koti. Anasugua kwa dakika arobaini na zaidi. Mwanzoni anasugua kwa hasira na Verlin anamgusa kiwiko apunguze, kisha kwa mwendo sawa, mpaka jasho linamdondoka puani. Katikati ya kazi Wendell anainuka, anamimina kahawa na kuiweka karibu naye, kisha anarudi kwenye kiti chake.

Mbao zikiwa tambarare kabisa, Verlin anampa kitambaa chenye mafuta na kumwonyesha namna ya kupaka. Anazirudisha kwenye chuma, anakaza skrubu. Anauliza kama chuma nacho king'arishwe.

"Hapana. Chuma kibaki," anasema Curtis. Anauliza bei, anaambiwa hakuna. Anawashika mikono wote wawili na kuondoka, na gari lake linasikika mpaka kwenye daraja.

Verlin anafagia unga wa mbao. Wendell amekwenda nje, na kwa muda inaonekana kama ameshakwenda zake. Kisha mlango unafunguka. Amebeba kitu kilichoviringishwa kwenye gunia la chakula cha ng'ombe, alichokitoa nyuma ya kiti cha gari. Anakifungua mezani. Ni bastola ya bluu iliyokoza, mpini wa mjozi ambao hauna hata mkwaruzo.

Verlin anaipangusa miwani yake.

"Silinda ya risasi inachelewa kujifunga," anasema Wendell. "Rekebisha ndani. Nje usiguse."

Anachukua kofia yake kwenye msumari na kutoka.