Kinyozi na Taulo la Bluu

Mume wangu ni kinyozi, na kinyozi ana raha moja ambayo wengine hatuna: anayemsikiliza ana wembe shingoni, hawezi kubisha. Kwa hiyo pale penye kiti chake chekundu, mbele ya kioo kilichopasuka pembeni, mume wangu ameshaipanda milima yote kwa baiskeli. Ukweli ni kwamba alishaingia mara mbili kwenye yale mashindano ya siku nne ya watu wa kawaida, walimu na wauguzi na wauza duka wenye vitambi, na mara zote mbili alirudi siku ya pili ndani ya gari la mwisho, lile linalofuata nyuma kabisa na kuwazoa waliochoka. Akifika nyumbani anasema ni goti. Mwaka wa kwanza lilikuwa la kulia, wa pili la kushoto.

Mwaka huu chumvi ilizidi. Mwoka mikate, jirani yetu, akiwa amenyolewa nusu kichwa, alimwambia mbele ya wateja wote, "Usipomaliza safari hii, baiskeli tunaitundika humu ukutani, na habari za milima tusizisikie tena."

"Itundikeni!" mume wangu akajibu kwa sauti kubwa. Kisha akaja nyumbani, akakaa jikoni anakoroga chai aliyosahau kuitia sukari.

Nilimwonea huruma. Ile baiskeli ndiyo inayomwamsha asubuhi akiimba, na ikiwekwa ukutani najua nitabaki na mtu wa kununa. Ila huruma yangu haitembei peke yake, huwa inafuatana na uchokozi. Waandaaji walikuwa wanatafuta dereva wa kujitolea wa gari la mwisho. Nikawapelekea jina la mama yangu.

Mama ni dereva wa basi mstaafu, na mume wangu anamheshimu kupita kiasi. Mama akiingia kwetu, yeye huchomekea shati, hukaa ukingoni mwa kiti, na kuku humla kwa uma. Tangu tuoane hajawahi kumwonyesha hata goti. Sasa kaptura ya mbio za baiskeli, kwa asiyeijua, inabana kiasi kwamba hata chawa hapati njia.

Asubuhi ya kuanza alimwona mama nyuma ya usukani, na mimi pembeni yake na maboksi ya maji. Akanivuta kando.

"Nani kamleta mama?"

"Kajitolea mwenyewe."

"Na hili vazi langu je?"

"Usikae nyuma basi."

Akanikazia macho, akaenda kuomba taulo. Alianza mashindano amelifunga kiunoni, la bluu.

Siku ile hatukumwona kabisa. Siku ya pili, kwenye mlima uliomshinda mara mbili, tulimkuta anapanda kwa kuyumba. Mama, miwani yake ya kamba machoni, akatoa kichwa dirishani.

"Baba, umechoka. Ingia upumzike."

"Shikamoo mama! Sijachoka!" akajibu bila kugeuka. Akavuta taulo kwa mkono mmoja, akakanyaga mpaka akapotelea kwenye kona.

"Mbona kajifunga taulo?" mama akaniuliza.

"Anasikia baridi."

"Na jasho lote lile?"

Nilicheka hadi nikamwaga maji ya watu.

Siku ya tatu taulo liliingia kwenye mnyororo. Tulipofika alikuwa keshaondoka, tukakuta vipande vya bluu barabarani, vimekatwa sawasawa. Mkasi wake haumtoki mfukoni.

Siku ya nne, kwenye mlima wa mwisho, tulimkuta amekaa juu ya jiwe. Misuli imekaza, midomo imekauka, na kile kitambaa kilichobaki kakitandaza magotini. Kicheko kilinikauka. Nilitaka kumkimbiza, sikutaka kumvunja, na nilijiona mjinga kweli.

Mama akasimamisha gari. Akavua miwani, akaitumbukiza kwenye mkoba, akashuka huku akipapasa bodi.

"Mama, nimeshindwa," mume wangu akasema, kichwa chini.

"Nani huyo? Kumbe mkwe wangu! Samahani baba, tangu tuanze safari macho yananisumbua. Miwani niliiacha nyumbani."

Mume wangu akainua kichwa. "Tangu tuanze? Na kona zote hizi?"

"Nabahatisha tu. Ingia twende, mbele ni mteremko. Mlango wenyewe uko wapi?" Akawa anapapasa taa ya mbele.

Mume wangu aliliangalia gari, akaliangalia bonde, akaniangalia mimi. "Mke wangu, shuka humo!"

"Nimwache mama peke yake?" Nilikuwa nimejibana mbavu.

Akasimama. Jinsi alivyosimama, ungedhani ile misuli ilikuwa ya mtu mwingine. Akapanda baiskeli. "Mama, usiende popote bila mimi. Nifuate polepole. Nikipunga kulia, kata kulia. Nikiinua juu, breki!"

Akatangulia. Akamaliza mlima, akateremka kona kwa kona, kitambaa cha bluu hewani, kulia, kushoto, juu, huku akipiga kelele, "Breki mama, breki!" Mama alitii kila ishara kama mwanafunzi. Mimi nililia, na sijui kilikuwa kicheko au nini.

Mwoka mikate alikuwa akisubiri kwenye mstari wa mwisho, msumari mfukoni. Mume wangu aliuvuka wa mwisho kabisa, gari nyuma yake, na hakugeuka kuzipokea pongezi. Alikuja moja kwa moja kumfungulia mama mlango, akihema.

"Tumefika salama, mama."

Mama akatoa miwani kwenye mkoba, akaifuta, akaivaa. Akamtazama mkwe wake kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Hongera sana, baba," akasema. "Sasa jifunge taulo lako."