Shangazi wa Mchoraji

Mimi hukata tiketi kwenye ukumbi wa picha za kuchora, lakini shangazi wa mchoraji simkatii; amekuwa kama samani yetu. Kila asubuhi hukaa kwenye benchi mbele ya picha ya mchoraji huyo iliyojaza ukuta mzima: watu wenye runinga badala ya vichwa, barabara inayoingia kinywani mwa mtoto, na katikati mwanamke asiye na mdomo, amebeba jiji mgongoni. Huweka mkoba mapajani, hukohoa kidogo, kisha huinamisha shingo upande uleule wa yule mwanamke, akisubiri atambuliwe. Wageni humpita tu. “Huyu ndiye binadamu wa leo,” mwalimu mmoja aliwaambia wanafunzi wake, “amebebeshwa kila kitu na hana la kusema.” Shangazi akasonya mpaka mlinzi akageuka.

Jana, hatimaye, mama mmoja aliitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha. “Dada, si wewe huyu?”

Shangazi akanyoosha shingo haraka. “Mimi? Mtazame vizuri, huyo hana mdomo!” Kisha akamvuta benchini, akaanza kumsimulia jinsi mtoto wa kaka yake alivyomsimamisha kutwa nzima akimchora, na viatu vinambana. Mpaka nazima taa, yule mama alikuwa hajapata nafasi ya kutia hata neno, shingo imemwinama upande.