Pili Hakuambiwa Kwamba Inauma

Harufu ya pumba zikichemka pamoja na vichwa vya dagaa, hadi leo, ikinipata njiani nabadilisha upande wa barabara. Si kwamba inanuka vibaya. Wapo wapitao karibu na sufuria ya namna hiyo wakadhani kuna chakula cha watu. Lakini mimi nililelewa ndani ya harufu hiyo, Ihumwa, nyuma ya nyumba yetu ya matofali ya kuchoma, mahali ambapo baba alikuwa amejenga banda la mbwa zuri kuliko jiko la mama. Mama hakuacha kulisema hilo mpaka siku banda lilipobomolewa. Baba alikuwa kibarua wa reli, alishinda juani akikaza mataruma na kung'oa majani, ila ukimwuliza kazi yake alikwambia anafuga mbwa. Wala si hawa wa kuzurura majalalani. Alikuwa na jike moja la kizungu, masikio yamesimama, mgongo mweusi, aliitwa Shaba, na watoto wa Shaba walikuwa na wenyewe mjini kabla hata hawajazaliwa. Baba alijulikana kwa jambo moja: mbwa aliyetoka kwake alilinda nyumba na bado mtoto mdogo aliweza kumvuta mkia. Jina hilo zuri ndilo lililokuwa mali yake, na alilitunza kama watu wengine wanavyotunza ng'ombe.

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, Shaba alizaa mtoto mmoja. Baba alikaa bandani asubuhi nzima akingoja wengine, akampapasa tumbo, akamwita bwana mifugo, naye akampapasa, akanawa mikono na kusema hakuna kitu kingine humo. Majirani walimpa pole ya utani, wakamwambia afadhali, mwaka huu kazi itakuwa nyepesi. Baba alicheka kwa adabu, kisha walipoondoka akasonya. Alijua wasichokijua. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa peke yake hana wa kumsukuma kwenye chuchu, basi ananyonya mpaka anajaa pomoni, analala kifudifudi miguu imetawanyika, na asipoangaliwa hajifunzi kusimama. Mama yake naye maziwa yanamzidi, chuchu zinavimba na kuwa za moto. Kila alfajiri kabla ya kwenda relini, baba alimkanda Shaba kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na sakafuni alitandika gunia ili yule mdogo apate pa kukanyagia asiteleze. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, na mchana wote kazi iliyobaki ilikuwa yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwa ndugu wa mbwa. Sitanii. Baba alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtu mzima mwenzake. Nimtoe kwenye chuchu kabla hajashiba, nimwache ahangaike, kisha nimrudishe. Nimpindue akiwa amelala. Nimsukume, nimpokonye kitambaa, nimuudhi. Meno yatakapotoka, akiniuma kwa nguvu, nilie.

"Mbwa anajifunza kipimo cha meno yake kwa ndugu zake," alisema. "Akimzidishia mwenzake, mwenzake anapiga yowe na kuacha kucheza. Ndipo anajua hapa nimeumiza. Huyu hana mwenzake. Mwenzake ni wewe, mama."

Baba aliniita mama pale alipokuwa ananipenda au ananihitaji, na siku ile nadhani yalikuwa yote mawili. Kwetu nilikuwa mtoto peke yangu. Mama hakujaliwa mwingine, na hilo halikuzungumzwa. Kwa hiyo nilipomwuliza baba yule mbwa aitwe nani, akafikiri kidogo, akasema mimi ni wa kwanza, basi yeye awe Pili. Kisha akaongeza jambo ambalo natamani asingeliongeza. Alisema mbwa mwenye mdomo mgumu hakai na watu, wala hauziki, na mwisho wake ni sindano ya bwana mifugo. Alisema kwa kunifundisha tu. Mimi nilisikia hukumu.

Meno ya Pili yalitoka mwezi wa saba, wakati wa upepo ule wetu unaobeba vumbi jekundu na kupasua midomo. Yalikuwa madogo na makali kama miiba ya mgunga. Jumapili moja baada ya kanisa baba alinionyesha: alimpa kidole, Pili akakikaza, na baba, mwanaume mwenye mabega ya kubebea reli, akatoa kiyowe chembamba, "Yii!", akageuka na kumpa mgongo. Pili alibaki ameduwaa, masikio yamelala. Baba alirudia mara tatu, na mara ya tatu Pili alikigusa kidole kwa ulimi. Jirani yetu mmoja aliyekuwa anachungulia juu ya ua wa miiba alicheka hadi akakohoa. Mama hakucheka. Aliniambia jikoni, akichambua mchicha, "Usije ukanitia aibu ya kubweka bweka hapa, msichana mzima. Wewe si wa kulia."

Hapo inabidi niseme habari za mama bila kumpendelea. Alitoka kwenye nyumba ambayo mtoto alisifiwa kwa kunyamaza. Nilipotobolewa masikio sikulia, akanisifia kwa wiki nzima. Nilipoungua kwa uji sikulia, akanichinjia kuku. Wageni wakija, baada ya shikamoo na marahaba, sifa yangu ya kwanza haikuwa kwamba najua kusoma, ilikuwa "Huyu hata umpige, hutasikia sauti yake." Nilikuwa naona fahari. Baba alinitaka nipige kelele, mama alinitaka ninyamaze, na mama ndiye aliyekuwa nyumbani mchana kutwa.

Lakini nisimsingizie mama peke yake. Siku ya kwanza niliyolia kama baba alivyofundisha, Pili aliniacha akaenda kujikunyata pembeni mwa banda, akanitazama kutoka kule, hakurudi hadi jua lilipopinda. Nilijiona mnyama. Hakuwa na mwingine wa kucheza naye duniani, nami nimemfukuza. Tena kila yowe lingekuwa ushahidi: baba angelisikia, angejua mdomo ni mgumu, angemwita mwenye sindano. Nikaamua, kwa akili yangu yote ya miaka kumi na mmoja, kwamba nitamwokoa. Pili aliponiuma siku ya pili, nilibana meno yangu nikaendelea kumchezesha. Alifurahi mno. Alikuwa ananidaka kiganja, kifundo cha mkono, kiwiko, akinguruma kwa raha, mkia ukienda huku na huku, na mimi machozi yananilengalenga nikimwambia, "Vizuri, Pili, vizuri." Nilivaa sweta la shule la mikono mirefu. Kwa baridi ile ya mwezi wa saba hakuna aliyeshangaa.

Jioni baba alirudi na vumbi la reli, akachungulia bandani na kuuliza, "Leo amekuuma?"

"Kidogo tu, baba."

"Umelia?"

"Hakukuwa na haja."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa hesabu yake, dada asiyelia ni dalili ya mdogo aliyejifunza. Yeye mwenyewe Pili alimgusa kwa ulimi tu, kwa sababu kwake alishafundishwa. Mimi alinitafuna. Mwezi wa tisa joto lilirudi, nami bado nimevaa sweta, mama akanicheka kwamba nimeanza kujipamba. Wiki chache baadaye baba alimpeleka Pili mjini, Chang'ombe, kwa familia yenye duka la vifaa vya ujenzi, akawaambia kwa mdomo wake kwamba huyu amelelewa peke yake lakini amelelewa sawasawa, hata mtoto anaweza kulala naye. Nilibaki nimeshika kamba tupu. Nililia siku hiyo, bila sauti, na mama akanisifia.

Mvua zilikuja zikaisha. Siku moja baba alirudi mapema, amempakia Pili nyuma ya pikipiki ya kukodi, amemfunga mdomo kwa kitambaa. Amekuwa mkubwa, mzuri, mgongo mweusi kama wa mama yake. Kule Chang'ombe alikuwa akicheza na mtoto wa nyumba ile, binti wa miaka minne. Hakumvamia. Hakuwa na hasira. Alicheza naye kama alivyocheza na mimi, na akamshika shavu. Yule mtoto alilia, na Pili, waliosimama pale walisema, akazidi kutikisa mkia. Shavu lilishonwa. Wale watu hawakumtukana baba, walimwambia tu, "Mzee, ulituambia." Baba alilirudia neno hilo mara mbili akiwa amesimama uani, kisha akaniita.

"Vua sweta."

Nilikuwa nimevaa gauni la mikono mifupi, sweta halikuwepo tena, lakini alikuwa akiliona bado. Alinishika mkono akaugeuza juani. Makovu yalikuwa mengi, meupe, madogo.

"Alikuwa anakuuma hivi?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini hukulia, mama?"

"Ungemuua."

Baba aliniachia mkono. Alitazama banda, akamtazama Pili aliyekuwa akivuta kamba anifikie, amenitambua, mwili mzima unacheza kwa furaha. "Sasa ndiyo namuua," alisema. Hakunipiga. Natamani angenipiga.

Bwana mifugo alikuja asubuhi. Pili alikataa kushikwa na mgeni, kwa hiyo nilimshika mimi, kichwa chake mapajani pangu, kitambaa kimefunguliwa kwa sababu alikuwa anahangaika nacho. Alinidaka kifundo cha mkono kama zamani na kukikaza. Sasa ndiyo ulikuwa wakati wa kulia, hata kama umechelewa, angalau aondoke akijua. Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka. Nilimpapasa kwa mkono mwingine hadi meno yake yalipolegea yenyewe.

"Binti yako ana moyo," bwana mifugo alimwambia mama akifunga mkoba.

"Huyo?" mama alijibu. "Huyo hujawahi kumsikia."

Baba hakuzalisha mbwa tena. Alimtunza Shaba mpaka akafa kwa uzee, akalibomoa banda, matofali yake akajengea choo. Siku hizi Ihumwa imejaa kuta na mageti, na nyuma ya kila geti kuna mbwa anayebweka, wala hakuna anayeuliza amelelewa na nani. Mimi naishi Chang'ombe, nimepanga chumba, nashona sare za shule. Sweta za mikono mirefu ndizo nashona nyingi zaidi, na huwa sipendi kuzipima kwenye mkono wangu.

Nilikaa kwenye ndoa miaka tisa. Sitasimulia yote, hayasimuliki. Mwaka jana tulikalishwa ofisini mbele ya wazee wa kanisa tusuluhishwe, yeye upande ule, mimi upande huu, mama nyuma yangu. Wazee wakamwuliza mume wangu kama ni kweli alikuwa ananiumiza. Akawatazama kwa macho ya mtu anayeshangaa kikweli, akasema, "Wazee wangu, miaka yote tisa hajawahi kuniambia kwamba anaumia." Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema hilo nalo ni neno. Mama akainama. Nami nikasikia harufu ya pumba na dagaa pale ofisini, nikamwona Pili na mkia wake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikapiga yowe mbele za watu, jembamba, la kijinga, hadi mtu akaja kufunga dirisha.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Ni kweli sikumwambia, kama sikumwambia Pili. Kosa hilo ni langu na nalibeba. Lakini Pili alikuwa mbwa, amezaliwa peke yake, hakuwa na njia nyingine ya kujua. Mume wangu alikuwa na mama, na dada watatu, na macho mawili. Pili alichomwa sindano. Yeye, nilipokuwa bado ninalia, wazee waliniomba nitulie kwanza, wakamwongezea chai.